Kompyuta ya kuhariri video yenye nguvu lakini isiyo na kelele: nichague vifaa gani?

SautiSafi:
Ndugu wadau, salaam. Ninakusudia kuunganisha kompyuta mpya ya mezani kwa ajili ya kuhariri video, na nina sharti moja gumu. Maikrofoni ninayorekodia simulizi imo katika chumba hicho hicho, mita moja na nusu hivi kutoka lilipo kasha, kwa hiyo feni ikipandisha mwendo ninakuja kuisikia kwenye rekodi, hasa pale ninapovuta pumzi kati ya sentensi mbili. Video zangu nyingi ni za 4K katika H.265 (mfumo wa kubana video), biti 10, 4:2:2 (kiwango cha rangi kinachohifadhiwa), nami hutumia programu ya kuhariri ya DaVinci Resolve Studio. Nimefikiria kununua prosesa ya Ryzen 9 9950X, kadi ya michoro ya RTX 4070 Ti Super ya GB 16, RAM ya GB 64, kipozaji cha maji, na diski kuu mbili za kuzunguka za kuhifadhia kazi zilizokwisha. Je, orodha hii inafaa, au kuna cha kubadilisha kabla sijanunua?

MezaYaUhariri:
Ndugu SautiSafi, kabla ya kufika kwenye feni, tuitazame video yenyewe, maana ndiyo itakayoamua prosesa. H.265 ya biti 10 yenye 4:2:2 ni nzito mno kusimbuliwa (kufunguliwa ili itazamwe) na viini vya prosesa peke yake; kinachoirahisisha ni sakiti maalumu ya kusimbua iliyomo ndani ya chipu. Kadi za RTX za mfululizo wa 40, ikiwemo uliyoitaja, hazisimbui 4:2:2 kwa njia hiyo, na sehemu ndogo ya michoro iliyomo ndani ya Ryzen uliyoitaja haisimbui pia. Kwa hiyo, kila utakapoburuta kishale kwenye taimlaini (mstari wa kupangia vipande vya video), viini vyote 16 vitaingia kazini, joto litapanda na feni zitavuma, ilhali unatazama tu kipande ambacho pengine utakitupa.

Zipo njia mbili za kutoka hapo. Ya kwanza ni prosesa ya Intel yenye Quick Sync (sakiti yake ya kusimbua video), ambayo tangu kizazi cha 11 inasimbua H.265 ya aina hii bila taabu. Lakini jihadhari na zile ambazo jina lake lina herufi F, kwa sababu hazina sehemu ya michoro, na Quick Sync imo humo. Ya pili ni kadi ya RTX ya mfululizo wa 50, uliotoka mwaka 2025, ambao ndio wa kwanza katika ukoo wa kadi hizi za GeForce kusimbua 4:2:2. Ukichukua kadi hiyo, unaweza kubaki na Ryzen yako bila wasiwasi.

RAM ya GB 64 inatosha. Nunua vipande viwili vya GB 32, si vinne vya GB 16, kwani DDR5 kwa kawaida hulazimika kushusha kasi nafasi zote nne za ubao mama zinapojazwa.

FeniPolepole:
Ninaunga mkono aliyosema MezaYaUhariri, nami niongeze la kelele. Feni ikipunguziwa mwendo kwa nusu, kelele yake hushuka kwa takriban desibeli 15, ilhali hewa inayosukumwa hupungua kwa nusu tu. Upande wa pili, ukiongeza feni ya pili inayofanana na ya kwanza, kelele hupanda kwa desibeli 3 pekee. Hesabu hizo mbili zinaonyesha kwamba feni nyingi kubwa zinazozunguka polepole huzishinda chache zinazokimbia. Weka tatu za milimita 140 kwenye kasha lenye uso wa wavu, zizunguke karibu mara 600 kwa dakika. Makasha yaliyofungwa na kubandikwa sponji yanauzwa kama dawa ya kelele, lakini mengi huziba njia ya hewa, na feni hulazimika kufidia kwa mwendo.

Chanzo cha kelele ni joto, nalo linaweza kupunguzwa pale linapozaliwa. 9950X huruhusiwa kula hadi wati 230. Ukiishusha hadi daraja la wati 105 katika BIOS (mipangilio ya msingi ya ubao mama), kasi unayopoteza ni ndogo sana ukiilinganisha na umeme uliookoa. Kadi ya michoro nayo ipunguzie kikomo cha umeme hadi asilimia 80 hivi. Kisha rekebisha mwitikio wa feni: joto la prosesa huruka ghafla kila unapobonyeza kitu, kwa hiyo iamuru feni isubiri sekunde kadhaa kabla ya kubadili mwendo. Kupanda na kushuka huko huudhi sikio kuliko mvumo usiobadilika.

Kipozaji cha maji nisingekinunua. Pampu yake haipumziki hata kompyuta ikiwa haifanyi lolote, na kipozaji kikubwa cha hewa chenye minara miwili kinatosha kwa wati hizo.

SautiSafi:
Nawashukuru sana. Sasa ninaelekea kwenye prosesa ya Intel Core Ultra 7 265K na RTX 5070 Ti, pamoja na kipozaji cha hewa. Hakuna aliyegusia diski wala pawa saplai. Aidha, kompyuta ya rafiki yangu hutoa mlio mwembamba hata feni zake zikiwa zimesimama. Huo unatoka wapi?

Kimyakimya:
Diski za kuzunguka zitoe kabisa ndani ya kasha. Diski ya mizunguko 7200 kwa dakika hutetema kwa hezi 120, na mtetemo huo hupita kwenye bati hadi kwenye meza na stendi ya maikrofoni. Hezi 120 ziko katikati ya sauti ya kawaida ya mwanamume, hivyo huwezi kuzichuja bila kuigusa sauti yenyewe. Zihamishie kwenye hifadhi ya mtandao iliyo chumba kingine. Kebo ya gigabiti moja hupitisha takriban MB 110 kwa sekunde, na video ya kamera ya megabiti 200 kwa sekunde huhitaji MB 25 tu. Ndani ya kasha zibaki NVMe (diski zisizozunguka) mbili, moja ya mfumo na nyingine ya miradi.

Pawa saplai ya wati 850 ya daraja la ufanisi la Gold itafanya kazi karibu na nusu ya uwezo wake, mahali ambapo ufanisi wake huwa mzuri zaidi. Tafuta ambayo feni yake husimama mzigo ukiwa mdogo.

Mlio unaousema kwa kawaida hutoka kwenye koili za kadi ya michoro, ambazo hutetemeka umeme unapopita, na kadi mbili za modeli ile ile zinaweza kutofautiana kabisa. Kwa hiyo ijaribu mapema, muda wa kurudisha bidhaa ukiwa bado haujapita: cheza mradi mzito kwenye taimlaini, simamisha feni za kasha kwa dakika moja, rekodi ukimya wa chumba maikrofoni ikiwa mahali pake pa kawaida, kisha sikiliza kwa hedifoni.