Tupeane uzoefu: nani amehamisha yuniti za fizikia kutoka chuo kimoja hadi kingine?

Mwalimu wa Buru

Wadau, salaam. Nafundisha fizikia ya mwaka wa kwanza hapa Nairobi. Kila mwaka napokea wanafunzi waliosoma mekanika kwingine, wakaifaulu, na sasa wameketi mbele yangu kuisoma tena kwa karo mpya. Sheria za Newton hazibadiliki ukivuka Barabara ya Thika. Ninavyoona, kinachowakwamisha watu ni karatasi: transikripti inaonyesha jina la yuniti na alama, haisemi mlifundishwa nini wala maabara mliingia kwa saa ngapi.

Waliopita njia hii watueleze: zipi zilikubaliwa, zipi zilikataliwa, na kilichosaidia ni nini. Majina ya vyuo vilivyokuumiza tuyaache.

Kijana wa Kayole

Mwalimu, yangu ni hii. Nilimaliza diploma ya fizikia tumizi, nikaomba digrii nikitarajia kuanzia mwaka wa pili. Barua ya kwanza ilinipa mekanika na kalkulasi tu. Umeme na sumaku ilikataliwa, mawimbi na optiki pia, kwa sababu kwenye transikripti yangu ziliandikwa "Fizikia II" na "Fizikia III". Chuo nilichotoka kilikuwa kimebana mada nyingi ndani ya yuniti hizo mbili, na aliyesoma majina hakuona kitu cha kulinganisha.

Nikakata rufaa kwa mwenyekiti wa idara. Nilibeba silabasi yenye muhuri, mitihani ya nyuma, na daftari langu la maabara. Silabasi aliipitia haraka haraka. Daftari ndilo lililomtuliza. Alilipitia ukurasa kwa ukurasa, penseli mkononi, akitia alama pembeni mwa kila jaribio: daraja la Wheatstone, kapasita inayopoteza chaji kupitia kizuizi, pete za Newton, prizimu na spektromita. Alipofika kwenye kapasita akaifunika grafu kwa kiganja, akauliza: "Kizuizi cha kilo-ohm 100, kapasita ya maikrofaradi 100. Volteji inashuka hadi asilimia 37 ya ilipoanzia baada ya muda gani?" Nikajibu sekunde 10. Akauliza mbona pointi zangu za mwisho zimetawanyika. Nikamweleza kwamba volteji ikishakuwa ndogo, mshale wa mita hausomeki sawasawa. Akaandika kwenye fomu: umeme na sumaku, ikubaliwe, mawimbi na optiki, ikubaliwe.

Fizikia ya joto niliirudia, na hiyo sikuilalamikia, kwa maana kule kweli tuliishia nusu ya silabasi.

Mnaosoma diploma sasa, hayo madaftari msiyatupe mkimaliza.

Binti Kasarani

Mimi nilihama nikiwa mwaka wa pili, mama alipougua na ikabidi niwe karibu na nyumbani. Nilikataliwa yuniti moja tu, mawimbi: kule ilikuwa na saa 35 za mihadhara, hapa wanataka 45. Mtu akisikia "moja tu" anaona si neno. Lakini bila mawimbi husajiliwi fizikia ya kwanta, bila kwanta huingii fizikia ya yabisi, na kila moja hufundishwa mara moja kwa mwaka. Yuniti moja ikanichukulia mwaka mzima, na mwaka una kodi ya nyumba, nauli na chakula. Ningefurahi kupewa hizo saa 10 zilizopungua kama masomo ya ziada, nifanye mtihani, niendelee na wenzangu.

Mwalimu wa Buru

Pole sana dada. Hebu nikuulize. Kanuni za vyuo vyetu vingi huhesabu saa 1 ya mhadhara sawa na saa 3 za maabara. Je, mawimbi kule yalikuwa na maabara? Kama mliingia saa 3 kwa wiki kwa wiki 10, hizo ni saa 10 za mhadhara, na 35 yako imefika 45.

Binti Kasarani

Tuliingia kila Alhamisi alasiri muhula wote. Hakuna aliyeniuliza.

Mzazi wa Umoja

Mimi ni mzazi, fizikia siijui. Kijana wangu ameidhinishiwa uhamisho kupitia KUCCPS, wale wanaowapangia wanafunzi vyuo, na nikadhani masomo yake yanamfuata. Kumbe sivyo?

Mtunza Faili

Mama, nafanya kazi ofisi ya kumbukumbu za wanafunzi, wacha nikujibu. KUCCPS inamhamishia nafasi. Yuniti alizosoma huamuliwa na chuo kinachompokea, na kwa hakika ni idara ndiyo husema ndiyo au la. Kuna pia kikomo cha Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu: krediti zinazohamishwa zisizidi asilimia 49, na chuo atokacho kiwe kimeidhinishwa.

Kwa upande wetu kinachoniuma ni kwamba hatuna kumbukumbu ya maamuzi. Nimeona idara ikikubali mekanika ya chuo fulani, mwenyekiti akabadilika, na mwanafunzi aliyefuata akakataliwa kwa silabasi ileile. Huyu wa pili amekosa nini? Kila anayekuja anapimwa kana kwamba ndiye wa kwanza kuhama Kenya hii. Na wengi huleta maombi semista ikiwa imeshaanza, wahadhiri wako madarasani, faili inalala mezani hadi dirisha la kusajili yuniti linafungwa.

Mbali na Nyumbani

Niko California, nilianzia chuo cha miaka miwili. Kabla ya kusajili kozi yoyote nilifungua tovuti ya ASSIST, ambayo inaonyesha kozi ya chuo chako inahesabiwa kama ipi katika chuo kikuu cha umma cha jimbo. Hapo ndipo nilipojua kwamba uhandisi unataka fizikia inayotumia kalkulasi, na ile ya aljebra, wanayosoma wengi wanaolenga kazi za afya, isingenifaa. Mwaka 2021 jimbo lilipitisha sheria, AB 1111, inayotaka vyuo hivi vya miaka miwili vitumie namba moja kwa kozi zinazofanana. Watu bado hupoteza kozi huku, ila wengi wanajua kabla ya kulipa.

Mwalimu wa Buru

Kabla ya kulipa. Hilo ndilo ninalolitaka kwetu.

Sheria ya kutuwezesha ipo. Ile ya Mfumo wa Kitaifa wa Sifa za Elimu ni ya mwaka 2014, na mfumo huo unaweka diploma daraja la 6 na digrii ya kwanza daraja la 7, ili mtu apande kutoka moja hadi nyingine. Hata zamani haikuwa ndoto: kati ya 1963 na 1970 Nairobi, Makerere na Dar es Salaam zilikuwa ndani ya Chuo Kikuu kimoja cha Afrika Mashariki.

Pendekezo langu ni dogo. Idara za fizikia za Chiromo (Chuo Kikuu cha Nairobi), Kahawa (Kenyatta), Juja (JKUAT) na vyuo vya kiufundi vya mjini zikubaliane juu ya yuniti nne tu: mekanika, fizikia ya joto, mawimbi na optiki, umeme na sumaku. Kwa kila moja jedwali lionyeshe mada, saa za mihadhara, saa za maabara, na majaribio ambayo lazima mwanafunzi awe ameyafanya kwa mikono yake. Uamuzi ukishafanywa uandikwe humo, anayefuata aukute. Juu ya mwaka wa pili idara zinatofautiana kweli, huko siendi. Rasimu ya mekanika nimeianza.

Kijana wa Kayole

Nina silabasi za diploma za mada zote nne, nitazipiga picha nikutumie.

Mzazi wa Umoja

Mwalimu, kijana anaripoti Jumatatu. Abebe nini?

Mwalimu wa Buru

Transikripti halisi, silabasi ya kila yuniti yenye muhuri wa idara alikotoka, na barua ya idara hiyo ikitaja saa za mihadhara na za maabara kando kando. Madaftari ya maabara pia, yote. Aende idara ya fizikia siku hiyo hiyo kabla ya kusajili yuniti, na aombe jibu kwa maandishi. Wakimkatalia yoyote, niandikie ni ipi na sababu waliyompa.