Tupeane uzoefu: vigeu vya mazingira vinavyojipakia vyenyewe ukiingia kwenye folda ya mradi

Mwanzisha mada, Kijitonyama

Wakuu, heshima kwenu. Naomba kila mwenye uzoefu aeleze hapa namna anavyopakia vigeu vya mazingira vya mradi (yaani majina yenye thamani, kama anwani au ufunguo, ambayo programu huzisoma inapoanza) kwenye terminali, hususan wale wanaohudumia wateja zaidi ya mmoja kwa wakati mmoja. Ofisini kwetu tuna mradi wa duka la mtandaoni, wa kliniki na wa malipo kwa simu, na kila mmoja una anwani yake ya hifadhidata, ufunguo wake wa siri na toleo lake la Python. Awali kila mtu alikuwa na utaratibu wake. Aliyeandika `export` zote (amri za kuweka vigeu) ndani ya `.bashrc`, faili ambalo bash, sheli inayopokea amri zako, hulisoma kila dirisha linapofunguliwa, alizikuta katika kila dirisha la terminali, awe kwenye mradi unaohusika au asiwe, hivyo `DATABASE_URL` ya kliniki ilimfuata hadi kwenye folda ya duka. Aliyeziandika kwa mkono zilidumu kwa muda wa dirisha lile tu, na umeme ulipokatika kompyuta ya mezani ikazimika, alianza upya.

Sasa tunatumia direnv, chombo kinachopakia vigeu vya mradi ukiingia kwenye folda yake na kuviondoa ukitoka. Mwishoni mwa `.bashrc` unaweka mstari mmoja, `eval "$(direnv hook bash)"`, na kwa zsh, sheli nyingine, unaandika `zsh` mahali pa `bash` ndani ya `.zshrc`. Kisha kila mradi unapewa faili lake la `.envrc`, lenye amri za kuweka vigeu vyake. Ukiingia kwa `cd`, terminali inaandika `direnv: loading`, na chini yake `direnv: export +DATABASE_URL +SECRET_KEY`, yaani inataja majina ya vigeu bila kuonyesha thamani zake, jambo ambalo nalithamini sana ninapofanya kazi huku mtu amekaa pembeni yangu. Ukitoka inaandika `direnv: unloading`, na kigeu kilichokuwepo kabla kinarudishiwa thamani yake ya awali. Kwa miradi ya Python tunaongeza `layout python3`, nayo inatengeneza mazingira ya Python ya mradi huo peke yake na kuyawasha.

Mchangiaji, Sinza

Mkuu, umegusa jambo linaloniuma. Katika kampuni niliyofanyia kazi zamani, mwenzetu mmoja alikuwa na dirisha la terminali lililobaki na ufunguo halisi wa malipo tangu asubuhi. Mchana aliendesha majaribio katika dirisha hilohilo akiamini yuko kwenye mfumo wa majaribio, na watu wakaanza kupokea maombi ya kuweka namba ya siri kwenye simu zao kwa bidhaa ambazo hawakuagiza. Hakuwa mzembe, dirisha lilikuwa na sura ileile ya siku zote, na hakuna kilichomwonyesha kwamba ndani yake mna ufunguo wa fedha za watu.

Kwa hiyo msimamo wangu ni mkali. `.envrc` ya kompyuta ya mtengeneza programu ibebe funguo za majaribio tu, na funguo halisi zikae kwenye seva. Upakiaji wa kujiendesha ni salama kwa kadiri ya kile ulichokubali kiwemo ndani ya faili linalopakiwa.

Mchangiaji, Tabata

Mimi bado sijashawishika. Ninaandika `set -a; source .env; set +a` ninapoanza kazi, na vigeu vyote vya faili vinapelekwa kwa programu nitakazoziendesha kutoka dirisha hilo. Ni maneno machache, na najua saa niliyoyaandika. Hofu yangu ni hili la faili kuendeshwa lenyewe kwa sababu tu nimeingia kwenye folda. Nikishusha mradi wa mtu nisiyemjua kutoka mtandaoni, je, `cd` peke yake inatosha kumfungulia mlango?

Mwanzisha mada, Kijitonyama

Ndugu yangu wa Tabata, hofu yako ina msingi, na ndiyo sababu ya mimi kuchagua chombo hiki badala ya kujitungia changu. Ukiingia mara ya kwanza kwenye folda yenye `.envrc`, hakuna kinachoendeshwa. Unaambiwa kwamba faili limezuiwa hadi uandike `direnv allow`. Idhini hiyo imefungwa kwenye maudhui ya faili na mahali lilipo. Mwenzako akiongeza herufi moja, ukavuta mabadiliko kwa `git pull`, linazuiwa tena.

Hapo ndipo ninapowaomba wakuu wote wawe makini, kwa kuwa `.envrc` ni programu kamili ya bash: inaweza kusoma mafaili yako, kuyafuta au kuyatuma nje. Anayeandika `direnv allow` kwa mazoea, bila kulifungua faili na kulisoma, amejiondolea ulinzi wote kwa mkono wake. Sisi tumekubaliana kwamba badiliko lolote la `.envrc` linasomwa na mtu wa pili kabla ya kuunganishwa na msimbo, kama linavyosomwa badiliko la msimbo wa malipo. Siri zenyewe hazimo humo. Tumeweka mstari wa `dotenv_if_exists`, ambao unasoma `.env` ya kila mtu kwenye kompyuta yake, na `.env` hiyo imetajwa ndani ya `.gitignore`, orodha ya mafaili ambayo git haiyachukui pamoja na msimbo.

Mchangiaji, Mlimani

Naomba kuuliza, wakuu. Niliweka `alias` (jina fupi la amri) ndani ya `.envrc`, vigeu vikapakiwa vizuri lakini `alias` haikuonekana. Je, nimekosea wapi?

Mwanzisha mada, Kijitonyama

Hujakosea, mdogo wangu. Tangu Unix toleo la 7 la mwaka 1979, mazingira yanarithiwa kutoka kwa programu mama kwenda kwa programu mtoto, na mtoto hawezi kuyabadilisha ya mama yake. Kwa sababu hiyo direnv inaendesha `.envrc` katika bash ya pembeni, inalinganisha vigeu vya kabla na vya baada, kisha inaichapishia sheli yako amri za kuweka tofauti hizo. Ule mstari wa `eval` kazi yake ni kuzitekeleza. Tofauti ya vigeu inavuka, `alias` haivuki. Ukitaka amri fupi za mradi, ziandike kama mafaili ndani ya folda ya `bin`, kisha uongeze `PATH_add bin` kwenye `.envrc` ili sheli izipate.

Mchangiaji, Mbezi Beach

Kwetu faida kubwa ilitokana na kigeu cha `TZ`, kinachoiambia programu ifuate saa za eneo gani. Mteja alilalamika kwamba mauzo ya usiku wa manane yanaonekana katika ripoti ya siku iliyotangulia. Kompyuta zetu zote zilikuwa kwenye `Africa/Dar_es_Salaam` na majaribio yalipita, ilhali seva ilikuwa kwenye UTC, saa tatu nyuma yetu. Mauzo yoyote kati ya saa sita na saa tisa usiku wetu, seva iliyahesabu kuwa ya jana. Tuliandika `export TZ=UTC` ndani ya `.envrc`, na majaribio yakaanza kufeli mezani kwetu, mahali ambapo kufeli kunasaidia.

Mchangiaji, Temeke

Naongeza jambo ambalo wengi hukwama nalo. Kihariri ulichokifungua kwa kubofya alama yake hakipiti kwenye terminali, kwa hiyo hakivioni vigeu hivyo. Kifungue kutoka ndani ya folda ya mradi kwa amri. Kazi za cron, zinazojiendesha kwa ratiba, nazo hazipitii `.bashrc` yako. Kwa kazi za cron kwenye kompyuta zetu tunaandika `direnv exec`, ikifuatiwa na njia ya folda na amri yenyewe, na bado `.envrc` ya folda hiyo lazima iwe imeidhinishwa na mtumiaji yuleyule anayeendesha cron. Kwenye seva hatukuweka direnv kabisa, kwa kuwa huduma inaanzishwa na systemd, programu ya Linux inayosimamia huduma, nayo inasoma vigeu kupitia `EnvironmentFile`, faili ambalo ni root, mtumiaji mkuu wa mfumo, peke yake mwenye ruhusa ya kulifungua.