Kupamba Mji wa Kale na nyama choma Nyali siku moja: niende wapi?

SatoWaMwanza:
Wapendwa, nisaidieni. Mume wangu kahamishwa kikazi, tuko Mombasa tangu Machi. Wageni wa kazini kwao (Wahindi, Waholanzi wawili, Waafrika Kusini na sisi Watanzania) hukutana Nyali kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kuanzia mchana. Nyama choma, bwawa la kuogelea, na mazungumzo yale yale: kodi ya nyumba, vibali vya kazi, dada wa kazi aliyetoroka. Wananichangamkia, sisemi uongo, ila miezi yote hii sijajua hata jina la mtaa wa pili.

Sasa jirani yangu, mama anayeniletea mahamri kila Ijumaa (sahani zake tatu bado ziko kabatini kwangu), kanialika kwenye kupamba (sherehe ya harusi ya kumwonyesha bibi harusi aliyepambwa) kwa binti yake, Mji wa Kale. Jumamosi hiyo hiyo! Na zamu ya kachumbari Nyali ni yangu. Mimi Mkristo, sina buibui. Halafu kwetu harusi huendi bila mchango wako kuandikwa daftarini. Hapa sijaombwa hata shilingi, ndiyo inanitia wasiwasi zaidi. Nivae nini, nibebe nini?

BintiKibokoni:
Kupamba ni wanawake watupu, usiku. Buibui si lazima, dera zuri na mtandio watosha. Lakini usije kama waenda matangani! Hao utakaowaona mlangoni na mabuibui meusi, wakiyavua ndani ni magauni ya kumeremeta na dhahabu hadi viwiko. Beba noti ndogo ndogo za kutunza. Na simu iache mkobani. Watu wamevua mitandio mle, picha ikitoka nje ni ugomvi wa miaka.

JikoLaMakadara:
Mimi nimekwama kwenye sahani. TATU? Kabatini?

SatoWaMwanza:
Nilidhani kaniachia 😭

JikoLaMakadara:
Lo! Sahani ya jirani yarudishwa, na hairudi tupu. Tia chochote, hata ndizi mbili. Tena wewe mtu wa ziwa, huna dagaa? Zipeleke kabla ya Jumamosi, kisha uliza jikoni kuna kazi gani. Mgeni huketishwa akaletewa soda. Ukipewa vitunguu umenye, basi we si mgeni tena.

MrundiWaTudor:
Nyali nako msimtoe. Mwaka wangu wa kwanza hapa mtoto alipandwa na homa saa nane usiku, na gari lililotupeleka hospitali lilikuwa la mgeni mwenzangu. Majirani sikuwajua hata kwa majina. Peleka kachumbari mchana, kaa kidogo, aga.

Ila kwa sherehe za wenyeji, nenda na wenyeji. Maulidi ya Lamu, mwezi wa Mfungo Sita (aliozaliwa Mtume), mara ya kwanza nilikwenda na kundi la wageni. Tukaona mbio za punda, tukapiga picha, tukarudi. Mara ya pili nilikwenda na familia ya jirani, tukalala mkekani kwa shangazi yao, karibu na Msikiti wa Riyadha. Usiku nasikia ngoma za matwari, alfajiri naamshwa kwa kahawa ya tangawizi. Punda hata sikuwakumbuka.

NahodhaLikoni:
Na Idd ikifika wapeleke watoto uwanja wa Makadara, wapande bembea, wale viazi karai. Usijitie presha, dada. Ngome ya Yesu iko pale tangu 1593, wewe umefika Machi.

SatoWaMwanza:
Mrejesho: sahani zimerudi. Moja dagaa wa kukaanga, moja maembe, ya tatu nilikosa wazo nikatia sukari. Mama kafungua mlango, kaziangalia, kacheka mpaka kakaa chini kwenye ngazi. Kisha kaniambia njoo Jumamosi asubuhi na kisu chako. Kachumbari ya Nyali atapeleka mume. Jamani, kisu kikubwa au kidogo?

JikoLaMakadara:
Kikubwa. Na leso ya kujifunga kiunoni, vitunguu vya harusi huja kwa gunia.