Tiba kwa vitendo: ilianza 1917 kweli? Na vikapu vilitoka wapi?

mwanafunzi_tkv

Habari wakuu. Historia ya tiba kwa vitendo (occupational therapy) inanichanganya kidogo. Vitabu vinasema taaluma ilizaliwa Machi 1917 Marekani, halafu ukurasa wa kwanza unaanza na Pinel na Tuke, zaidi ya miaka mia moja kabla. Kipi ni kipi? Halafu waasisi: kuna orodha ya watu sita, nyingine inamwongeza muuguzi Susan Tracy, nyingine daktari Herbert Hall. Na vikapu walivyosukishwa wagonjwa je? Kama lengo lilikuwa kumrudisha mgonjwa kwenye maisha yake, karani wa Chicago alikuwa na haja gani ya kusuka kikapu?

fundi_viungo

Mkuu, tenganisha wazo na chama cha taaluma, utaona vizuri.

Wazo ni la kale. Daktari Philippe Pinel alishika hospitali ya Bicêtre, Paris, mwaka 1793, na William Tuke, Mkweka (dhehebu la Kikristo), akafungua Retreat, makao ya wagonjwa wa akili mjini York, Uingereza, mwaka 1796. Wote wawili walishikilia kwamba mwenye ugonjwa wa akili atendewe kama mtu, awe na ratiba, kazi, bustani na mazungumzo. Marekani nayo iliiga, kisha nusu ya pili ya karne ya 19 ikafifia. Hospitali zilijaa kupita kiasi na wahudumu wakawa wachache. Ratiba ya mtu mmoja mmoja haiwezekani wodi ikifurika, ndipo kazi za wagonjwa zikageuka kuwa kufua na kulima kwa faida ya hospitali.

Chama ndicho cha 1917. Tarehe 15 hadi 17 Machi walikutana Consolation House, Clifton Springs, jimbo la New York. Walikuwepo George Barton, msanifu majengo. William Rush Dunton, daktari wa akili kutoka Maryland. Eleanor Clarke Slagle, mkufunzi wa kazi za tiba. Susan Cox Johnson, mwalimu wa kazi za mikono. Thomas Kidner, aliyekuwa akishughulikia mafunzo ya ufundi kwa askari majeruhi wa Kanada. Na Isabel Newton, katibu wa Barton, ambaye baadaye aliolewa naye. Hao ndio sita. Tracy alialikwa ila hakufika, kwa hiyo wengi humhesabu. Hall hakualikwa kabisa, na hilo ni la kushangaza ukizingatia kazi aliyokwisha kuifanya. Baadaye akawa rais wa chama hichohicho.

Barton mwenyewe alikuwa mgonjwa: kifua kikuu, vidole vya mguu vilivyokatwa, kisha upande wa kushoto ukapooza. Alijirudisha kwa useremala na bustani, ndipo akaifungua Consolation House mwaka 1914. Kwa hiyo mwenyekiti wa kikao cha kwanza hakuwa daktari wala muuguzi. Watu hulipita hili haraka mno.

mama_ratiba

Nijibu la vikapu. Sababu ya kwanza ni zama zenyewe. Mawazo ya Waingereza Ruskin na Morris ya kuheshimu kazi ya mkono dhidi ya kiwanda yalikuwa yamevuka bahari, na Barton alikuwa mmoja wa wafuasi wake kule Boston. Sababu ya pili ni mabishano ndani ya udaktari. Kwa "neva" zilizochoka, tiba iliyotamba ilikuwa ya daktari Silas Weir Mitchell: kitandani wiki kadhaa, maziwa, kukandwa, hakuna wageni. Hall aliigeuza kinyume. Mwaka 1904 kule Marblehead, Massachusetts, aliwapa wagonjwa wa aina hiyo ufinyanzi na ufumaji kwa vipimo vidogo vinavyopanda taratibu.

Sababu ya tatu ni ya vitendo, na ndiyo inayonivutia zaidi. Chukua kikapu cha kitako cha mbao: kibao cha duara chenye matundu pembeni, kila tundu linashika kijiti cha henzerani kilichosimama. Ukisuka kwa uzi mmoja, mbele ya kijiti kisha nyuma ya kinachofuata, idadi ya vijiti lazima iwe witiri. Ikiwa shufwa, mzunguko wa pili utapita palepale ulipopita wa kwanza na hakuna kitakachoshikana. Mgonjwa akiruka kijiti kimoja, kosa linaonekana kwenye mzunguko unaofuata, tena analiona yeye kabla hujamwambia. Hapo umepima umakini bila karatasi.

Henzerani inalowekwa. Ikiwa kavu inavunjika na mgonjwa anakata tamaa; ikilowa mno inaota nyuzinyuzi. Vidole dhaifu vipe nyembamba iliyolainika vizuri, kisha uongeze unene nguvu zikirudi. Mwenye mkono mmoja, pigilia kitako kwenye ubao kwa msumari mmoja katikati ili kizunguke, mkono mzima usuke. Na msiige kitabu cha Marekani kichwakichwa mkitumia ukindu wetu: kusuka ukili kunadai vidole vya mikono yote miwili muda wote, na msumari hausaidii chochote. Uchambuzi wa kazi hiyo unaanza upya.

mwanafunzi_tkv

Asante sana dada. Sasa Adolf Meyer anaingiaje? Hayumo kwenye sita.

fundi_viungo

Hayumo, lakini ndiye aliyeandika falsafa yenyewe. Aliisoma kwenye mkutano wa chama Baltimore mwaka 1921, ikachapishwa 1922. Alikuwa Mswisi, daktari bingwa wa akili katika hospitali ya Johns Hopkins, na Slagle alifanya kazi kwenye kliniki yake. Hoja yake kubwa ni muda. Ugonjwa wa akili aliuona kama maisha yaliyopoteza mpangilio, na mizani inajengwa kwa mambo manne: kazi, mchezo, mapumziko na usingizi. Havirudi kwa kuhubiriwa, vinarudi kwa kufanywa.

Slagle akaigeuza kuwa programu ya mazoea, saa 24. Ilikuwa kwa wagonjwa waliozama kabisa, wasiojiosha wala kujilisha. Kikundi kidogo, wahudumu walewale, siku nzima kwa mpangilio: kuamka, choo, kunawa, mswaki, kula kwa adabu, kutandika, matembezi, kazi nyepesi, michezo, kulala. Aliyeimarika alipandishwa kwenye kazi ngumu kidogo, kisha kwenye karakana, mwisho kazi inayofanana na ya nje. Ilikuwa ikiharibika wapi? Zamu ya usiku isipofuata mpangilio wa mchana, mgonjwa anarudi nyuma. Na kumfanyia kwa sababu ni haraka zaidi kunaua zoezi lote.

mama_ratiba

Niongezee kanuni za Dunton, maana ndizo zinazosahaulika. Lengo kuu la kazi liwe kupona. Iwe ya kuvutia, mgonjwa achunguzwe kwanza, isifike kwenye uchovu, iwe na matumizi, ikiwezekana afanye na wengine. Na hata kazi iliyotoka vibaya ni bora kuliko kukaa bure. Hiyo ya mwisho ilipigwa teke mara tu hospitali zilipoanza kuuza bidhaa: mhudumu anarekebisha kikapu usiku ili kiuzike, na mgonjwa anakuta asubuhi kazi si yake tena.

Vita navyo vilisukuma upande mwingine. Kuanzia 1918 jeshi la Marekani liliajiri wanawake wa kurekebisha majeruhi. Kazi ikaanza kuchaguliwa kwa kiungo: kupiga msasa ubao ulioinamishwa kwa ajili ya bega, msumeno wa kukanyaga kwa goti na kifundo. Ni sahihi kabisa, mradi askari ana sababu ya kuutaka huo ubao. Ukimpa asugue tu bila kutengeneza kitu, huo ni mwendo wa bega, na mtaalamu wa viungo angemfanyia vizuri zaidi.