Tupeane uzoefu: semikoloni (;) na spesi kwa CSS, ile lugha ya kupanga rangi na sura ya websaiti, zimewahi kuwalaza macho?

Wa Kondele, Kisumu:
Wadau wa websaiti hapa Kisumu, Nakuru na Western yote, tupeane uzoefu, naanza mimi. Nilikuwa natengenezea mama mmoja wa Kibuye ukurasa wa mitumba, jioni akaniambia aki niongezee rangi ya nyuma. Mstari wa mwisho ulikuwa color: green bila semikoloni, maana wa mwisho hukubaliwa hivyo, basi mimi chini yake nikaandika background: yellow kwa hiyo rangi ya nyuma. Kijani ikapotea na njano haikuja! Nikakaa mpaka saa sita usiku nikidhani ni intaneti, kumbe brauza imesoma hiyo mistari miwili kama kitu kimoja, haikueleweka, ikatupa yote kimya kimya. Siku hizi naweka semikoloni kila mahali, hata mwisho kabisa.

Section 58, Nakuru:
Pole sana ndugu yangu. Hiyo kimya ndio inaumiza, afadhali ingesema kuna makosa. Mimi niliandika 20 px badala ya 20px (px ni kipimo cha ukubwa), hiyo spesi moja tu, maandishi yakakataa kukua. Halafu calc, ile ya kupiga hesabu ya vipimo, nayo ni kinyume, calc(100%-20px) haifanyi, lazima kutoa na kujumlisha uache nafasi pande zote mbili, calc(100% - 20px). Kuzidisha na kugawa haijali.

Kakamega:
Koma jamani. Ukiandika .jina, .bei (majina ya sehemu za ukurasa) inashika zote mbili, lakini ukisahau koma inatafuta .bei iliyo ndani ya .jina peke yake. Orodha ya bei ya duka la mbegu ilikaa hivyo wiki nzima na msimu wa kupanda ulikuwa umefika, iliniuma sana.

Bungoma:
Nafundisha vijana, na hii naiona kila muhula: wametoka JavaScript, lugha nyingine ya programu, wanaweka maelezo ya kujikumbusha kwa // juu ya sheria ya CSS, basi hiyo sheria yote iliyo chini inakufa. CSS inajua /* */ tu. Nawaambia pia kila kitu mstari wake, mtu asivibananishe kwa mstari mmoja.

Wa Kondele, Kisumu:
Mwalimu hiyo ya // sikuwa naijua, na niko nayo kwa faili mbili za wateja. Wacha nifungue saa hii kabla stima ipotee.