Tunaenda Jinja kushuka mto Nile kwa boti la mpira, mke wangu hajui kuogelea, tujiandaeje?

Kijana wa Mikindani

Habari zenu wakuu, poleni na joto. Mimi na mke wangu tuna miaka saba ya ndoa na hatujawahi kwenda likizo ya maana, kila mwaka tunaishia Dar kwa ndugu. Safari hii hela ya korosho ya mnada wa kwanza nimeiweka pembeni, tumepanga mwezi wa 12 twende Uganda, Jinja, pale mto Nile unapotoka ziwani, tukapande yale maboti ya mpira yanayoshuka kwenye maji ya kasi. Nimeshaongea na watu wa kule, wana waongozaji wao, laifu jaketi na helmeti wanatoa wao.

Sasa shida ni hii. Mimi nimekulia baharini, naogelea tangu mdogo, ila mtoni sijawahi kuingia zaidi ya kuvuka Ruvuma kwa boti pale Kilambo. Mke wangu kwao Masasi, hajui kuogelea kabisa, maji yakimfika kifuani ananing'ang'ania shingo. Na yeye ndiye anaitaka hii safari kuliko mimi, kila jioni ananionyesha video. Halafu ni mtu wa kujistiri, anauliza atavaa nini. Tuna wiki sita. Mwenye uzoefu aniambie tuzitumieje, na kama asiyejua kuogelea haruhusiwi nijue mapema kabla sijamalizia malipo.

Bint Mitwero

Kaka usimkatalie shemeji yangu, anaweza kwenda. Mimi wa Lindi, nilisoma Kampala na hiyo kitu nimefanya mara mbili.

Kwanza uliza hao watu wanawapeleka maji ya gredi gani. Mito inapangwa gredi 1 mpaka 6, ya 1 na 2 ni viwimbi tu, ya 3 mawimbi yanakulowesha vizuri ila mtu mpya anamudu, ya 4 na 5 hapo boti linaweza kupinduka na mnapinduka kweli, ya 6 hawapitishi wageni, mnashuka mnatembea ukingoni boti linabebwa. Jinja zipo safari za nusu siku za maji ya gredi za chini na zipo za siku nzima za maji makubwa. Na zile video mwambie aangalie za karibuni, za zamani zina maporomoko ya Bujagali ambayo yalishamezwa na bwawa la umeme lililozinduliwa 2012, halafu likaja la Isimba 2019 likameza mengine huko chini, kwahiyo njia ya sasa siyo ile.

Asiyejua kuogelea wanampokea sehemu nyingi ila LAZIMA mseme wakati wa kulipia na mrudie kusema asubuhi mkifika pale mtoni. Wanampanga karibu na muongozaji, na wale vijana wa kayaki, vile vimtumbwi vya mtu mmoja, wanaosindikiza boti wanajua wamuangalie nani. Kuna watu wanaficha kwa aibu, tafadhali msifiche.

Sasa wewe unayejua kuogelea, nakuomba unisikilize maana na mimi nilikuwa najiona mtoto wa bahari. Safari ya kwanza nilianguka, mwili wenyewe ukanituma kusimama kama tunavyosimama ufukweni wimbi likikupiga, muongozaji akapiga kelele nyanyua miguu nyanyua miguu. Mtoni husimami. Mguu ukinasa kwenye mawe maji yanakusukuma kwa nyuma yanakulaza kifudifudi na laifu jaketi haikusaidii tena, hiyo ndiyo inayoua watu hata kwenye maji ya kiunoni. Unalala chali, miguu mbele kule maji yanakoelekea, vidole vya miguu vionekane juu ya maji, mikono unapanulia pembeni. Na maji baridi, namaanisha yasiyo na chumvi, hayakubebi kama bahari ya Mikindani, utajisikia mzito, usishtuke.

Mvuvi wa Msanga Mkuu

Pesa yote hiyo ya nini kijana, Ruvuma si ipo? Chukueni mtumbwi shukeni nao kutoka Mtambaswala, maji yanakimbia vilevile.

Bint Mitwero

Mzee wangu shikamoo, hapana jamani. Ruvuma ina mamba na viboko, wanakijiji wenyewe wanachota maji kwa tahadhari, na hakuna mtu wa kuwaokoa mkizama. Kinachofanya ile ya Jinja iwe salama siyo maji, ni wale watu wanaoujua kila mwamba na wana kamba mkononi.

Mvuvi wa Msanga Mkuu

Marahaba mwanangu, kwenye mamba umenishinda. Basi mimi nichangie ninachokijua. Wewe kijana azima laifu jaketi kwa mwenye boti, mpeleke mkeo ufukwe wa Shangani hapo Mtwara maji yakijaa, siyo yakipwa maana mawe yale yatamkata. Na usimpeleke Msimbati, pale ufukwe unadidimia ghafla. Siku ya kwanza asimame maji ya tumbo tu, anawe uso. Siku ya pili alale chali umemshika kisogo na mgongo, jaketi itamnyanyua mwenyewe ataona. Ukiona amelegea unamwachia kidogo kidogo bila kumdanganya, mwambie sasa nakuachia. Mtu ukimwachia kwa hila hakuamini tena. Mkeo hahitaji kujua kuogelea kwa wiki sita, anahitaji maji yakimpiga usoni asipaparike, afunge mdomo, avute pumzi wimbi likishapita.

Na wote wawili pandeni mtumbwi mpige kafi nusu saa kila mkipata nafasi, mabega yazoee.

Bint Mitwero

Mzee umeongea. Kwenye kafi niongezee, zao juu zina kishikio kama herufi T, mkono mmoja usitoke pale hata iweje, ukikiachia boti likiruka kinampiga jirani mdomoni meno yanatoka. Ukiwa majini wakikurushia kamba ya kukuokoa, shika kamba yenyewe siyo kile kifuko inamotokea, ipitishe begani, lala chali wakuvute, usiizungushe mkononi. Boti likipinduka ukajikuta chini yake, weka mikono juu usukume boti kuelekea upande mmoja tu mpaka utokee, ukibadilisha badilisha unazunguka humohumo.

Mavazi ya shemeji hayana shida. Buibui na dera hapana, vinajaa maji na kunasa. Avae suruali ya kubana ya mazoezi, juu fulana ya mikono mirefu ya kitambaa cha kukauka haraka, akitaka stara zaidi kaptula pana juu ya suruali. Ushungi ule wa kuvuta usio na pini, ncha zote achomekee ndani ya fulana, helmeti inakaa juu yake vizuri kabisa. Jinzi asivae, wala wewe. Ndala muache hotelini, vaeni raba kuukuu au sandozi zenye mkanda wa nyuma. Pete za ndoa vueni. Na laifu jaketi mkishafunga, mtu awavute mabegani kwa juu, ikifika masikioni imelegea, ikazwe.

Nesi wa Kusini

Naona mmesahau afya. Uganda wanadai kadi ya chanjo ya homa ya manjano, chomeni angalau siku 10 kabla ya kusafiri, ukishachoma ni ya maisha. Na Nile pale Jinja kuna kichocho cha tumbo, siyo kile cha mkojo tulichozoea huku kusini, kinaingia kwa ngozi tu hata usipomeza maji. Mkirudi msikimbilie dawa wiki hiyohiyo, prazikwanteli inaua minyoo iliyokomaa, michanga inabaki. Subirini wiki sita mpaka nane ndio mpime choo, mkiwa nacho mnatibiwa siku moja. Mkipata homa kabla ya hapo nendeni hospitali mseme mlikuwa wapi.

Mwenye pumu aende na pampu yake ampe muongozaji aiweke kwenye mfuko usioingia maji. Na samahani kaka nauliza wazi, kama kuna uwezekano shemeji ana ujauzito apime kwanza, akiwa nao hiyo safari isubiri.

Kijana wa Mikindani

Shikamoo mzee, na asanteni sana wote. Mke wangu amekaa hapa pembeni tumesoma wote mpaka mwisho. Tumechagua ile ya nusu siku, nimewaandikia sasa hivi kwamba mmoja hajui kuogelea, wamejibu sawa wataweka maji yasiyozidi gredi 3. Kipimo atapima, na chanjo tunachoma wiki hii. Jumamosi maji yanajaa asubuhi, tunaanza Shangani, jaketi nimeshapata kwa jirani. Anauliza kitu kimoja, yeye anavaa miwani, bila miwani haoni mbali, itakuwaje?

Bint Mitwero

Avae, ila afunge kamba inayozunguka kisogo, ya raba ni nzuri kuliko ya kitambaa, na aijaribu hiyohiyo Jumamosi akiwa amelala chali. Kama ana miwani ya zamani aende na hiyo, ile mpya ibaki hotelini.