Yule fundi wa mashangingi mnayemjua: ETI "TIMU IMEKAMILIKA"!

Mgosi_wa_Chuda:

Wagosi, mnisamehe kwa herufi kubwa, nikiandika kwa herufi ndogo nitapasuka. TIMU IMEKAMILIKA! Mtu nimempa 2,400,000 mkononi, noti kwa noti, halafu ananijibu timu imekamilika!

Simtaji jina. Hakuna haja, mnamjua. Yule wa gereji ya chini ya mwembe, redio inalia tangu alfajiri, ovaroli yake akiivua inasimama wima peke yake. Huyo huyo. Ukimpelekea gari lenye mafua anakurudishia lenye kifafa.

Difu la nyuma la shangingi langu, zile gia za katikati ya ekseli, lilikuwa linalia. Ni Land Cruiser 80, injini 1HZ, dizeli ya silinda sita. Gari la marehemu baba, limebeba machungwa ya Muheza miaka na miaka, limetusomesha wote wanne, na mimi ndiye niliyeachiwa nilitunze. Kufungua, krauni imekatika meno na nyumba ya ekseli ina ufa. Sawa, chuma kinachoka. Nikamwambia nitafutie ekseli nzima ya nyuma, used, ya themanini. Nikamwandikia kwenye pakiti yake ya sigara: 80. Akasema, "Bosi, ipo ya mia, iko safi. Hizi gari ni mtu na mdogo wake, nyuma zote ekseli moja, zote koili." Nikasema HAPANA, themanini. Akasema, "Poa bosi."

Poa yenyewe ndiyo hii.

Gari kaleta kijana wake saa tatu usiku, mtaa mzima hauna umeme. Nikapokea ufunguo, nikalala. Alfajiri nikampakia mama mkwe, anarudi kwake Amani baada ya mwezi mzima wa matibabu ya macho Tanga. Ana kapu la bofulo, madumu mawili na kuku mmoja mzima. Kufika Mkanyageni, tairi la nyuma kushoto chini. Nikateremsha spea, nikaipeleka kwenye habu, haiingii. Nikaizungusha, haiingii. Nikainama na tochi ya simu. Rimu ya spea ina matundu sita. Habu ina bolti TANO.

Nikaenda mbele, sita. Nikarudi nyuma, tano. Nimelizunguka lile gari kama mganga anayezungua boma. 80 ina nati sita, 100 ina nati tano, hilo hata mtoto wa kuosha magari analijua! Kafunga ekseli ya mia na rimu zake mbili. Vikalio vya springi kavikata akachomelea upya, mabonge mabonge kama nta ya mshumaa, halafu juu kapaka rangi nyeusi ili nisione. Nimegusa, rangi ikabaki kidoleni. Bado mbichi!

Nikampigia. Mikono ina grisi, nikaweka sauti ya nje. Hapo ndipo nilipojimaliza, maana mama mkwe alikuwa amekaa juu ya dumu hatua mbili kutoka kwangu. Nikamwambia, fundi, mbele nati sita, nyuma nati tano, umenifanyia nini? Kwanza akacheka. Wagosi, ALICHEKA. Halafu akasema:

"Bosi, sita na tano ngapi? Kumi na moja. Timu imekamilika, ingia uwanjani."

Mama mkwe akajifunika mdomo kwa khanga. Nikaona mabega yanatikisika. Miaka tisa ya ndoa sijawahi hata kukohoa mbele yake!

Pancha ikazibwa pale pale. Yule kijana wa pancha naye akawaita wenzake waje kuhesabu nati. Wakahesabu kwa sauti. Kumi na moja.

Kupita Sigi, mvua. Nikafunga loki za habu za mbele, nikavuta foo ili matairi yote manne yavute. Kwenye tope limepanda kama kawaida yake. Tulipofika kwenye mawe, usukani ukawa mzito kama jiwe la kusagia, gari likaanza kuruka kama mbuzi aliyekanyaga kaa la moto, halafu chini ikalia TAA! Foo haitoki. Navuta, haitoki. Mama mkwe akateremka taratibu, akachukua kapu lake na kuku wake, akasimamisha bodaboda. Akanigeukia kwa upole kabisa:

"Mwanangu, sisi tunatangulia. Wewe baki na timu yako."

Niko hapa juu ya Sigi, mvua inanyesha, naandika ndani ya gari. 2,400,000! TIMU IMEKAMILIKA!

---

BofuloLaMoto:

Nimesoma mpaka "baki na timu yako" nikalazimika kusimamisha bajaji pembeni. Abiria wangu naye anataka nimsomee.

Makorora_Halisi:

Pole mgosi. Lakini kuku alifika salama?

Mgosi_wa_Chuda:

Makorora, mimi nimekwama mlimani wewe unauliza kuku?

Makorora_Halisi:

Kuku ni mgeni wa mama mkwe. Jibu swali.

Dada_wa_Mabawa:

Namjua huyo fundi. Mimi aliniambia gari langu halina tatizo, tatizo ni mimi ninasikiliza sana. Akaniongezea sauti ya redio.

Mstaafu_Bandarini:

Kijana, pole. Nati ziache kwanza, hizo ni aibu tu. Ugonjwa uko kwenye reshio.

Themanini yenye 1HZ kama lako kwa kawaida difu zake ni 4.11. Mia zile za mwanzo za petroli, V8 otomatiki, zilikuja na 4.30. Maana yake tairi la mbele likizunguka mara moja, propela ya mbele, ile shafti inayopeleka nguvu kwenye ekseli, imezunguka mara 4.11, na ya nyuma 4.30. Bila foo huwezi kugundua, maana propela ya mbele haina kazi. Ukivuta foo, transfa, ile gia boksi ndogo inayogawa nguvu mbele na nyuma, inazifunga propela mbili ziende mwendo mmoja. Kila mita 100, matairi ya mbele yanataka kutangulia ya nyuma kwa mita nne na nusu. Kwenye tope tairi linateleza, deni linajilipa. Kwenye jiwe hakuna pa kuteleza, ndipo vyuma vinapopigana. Hiyo TAA uliyoisikia ni mmoja wao kashindwa.

Sasa fanya hivi. Legeza loki za mbele zote mbili kwenye habu. Tia gia ya kurudi nyuma, rudi taratibu mita mbili tatu, foo itatoka. Usiivute tena kabisa mpaka ekseli ibadilishwe.

Ukifika kwenye tambarare hakikisha. Weka mawe kwenye matairi mengine, gia iwe huru, inua tairi MOJA tu la nyuma. Tia alama ya chaki kwenye tairi na kwenye propela. Zungusha tairi mara 20, mwenzio ahesabu propela. Tairi la pili limesimama, kwa hiyo 20 hizo difu linazihesabu kama 10. Ikija 41, ni 4.11, nitakuomba radhi. Ikija 43, umefungiwa difu la mia.

Mgosi_wa_Chuda:

Mzee shikamoo. Nimelegeza loki, nimerudi nyuma, foo IMETOKA. Mungu akuweke. Nashuka taratibu mpaka Sigi.

Lakini mzee, mtu anayejua yote hayo, ameshika spana miaka thelathini, anawezaje kusema timu imekamilika?

Mstaafu_Bandarini:

Marahaba. Hajui. Angejua asingechomelea.

Mkonga_wa_Pangani:

Nyie wenye mashangingi mnalilia nati. Mimi nina Land Cruiser ya mkonga, nilipeleka kubadilisha oili sili moja tu ya gurudumu. Siku kumi na nne. Nikaenda ghafla nikakuta gari langu limebeba mchanga wa ujenzi. Nikauliza, nikaambiwa tunalijaribu kama linavuja.

Dada_wa_Mabawa:

Na ilikuwa inavuja?

Mkonga_wa_Pangani:

Mchanga ndio ulikuwa unavuja.

Duga_Mpya:

Mimi sioni kosa la fundi. Used ni used. Uliambiwa ya mia ipo, ukasema poa.

Mgosi_wa_Chuda:

POA ALISEMA YEYE! Mimi nilisema HAPANA! Soma uzi kwanza, Duga! Nimemwandikia 80 kwenye pakiti ya sigara!

Duga_Mpya:

Alivuta zikaisha, akatupa pakiti. Ulitaka aiweke kwenye fremu?

Ngamiani_Juu:

Swali la kitaalamu. Sita mbele, tano nyuma. Hiyo ni mfumo gani? Kipa yuko upande upi?

BofuloLaMoto:

Kipa ni spea. Kakaa benchi kwa sababu matundu hayalingani.

Ngamiani_Juu:

Basi hiyo ni Coastal ya msimu huu. Kipa benchi na mbele hakuna anayekimbia.

Wagosi_wa_Kaya_88:

Wewe Ngamiani, Coastal usiitie mdomoni. 1988 tulichukua ubingwa wa nchi, timu yako ilikuwa wapi?

Kimanumanu_Damu:

Ubingwa wa 1988 mnaula mpaka leo kama kiporo. African Sports ndiyo timu ya Tanga, nyie mmekaa kaya tu.

Wagosi_wa_Kaya_88:

Timu ya Tanga inayocheza na nani? Tuonyeshe ratiba.

Mgosi_wa_Chuda:

Jamani. Nimefika Sigi. Nimeazima chaki kwa watoto wa shule. Nimefanya alivyosema mzee, mtoto mmoja anahesabu tairi, mwingine anahesabu propela. Mara 20.

43.

AROBAINI NA TATU! Nimerudia mara mbili. Na propela ya mbele, ile krosi, kiungo chake cha upande wa transfa, ina ufa, naiona kwa macho yangu, chuma kinang'aa pale kilipofunguka. Hiyo ndiyo TAA. Gari la baba limekaa miaka yote bila kupasuka hata waya, yeye kalipasua kwa siku moja halafu anacheka. Kwenye sauti ya nje! Mbele ya mama mkwe!

Mstaafu_Bandarini:

Basi fungua hiyo propela ya mbele, ina bolti nne kila upande, weka nyuma ya gari. Utarudi Tanga kwa tairi za nyuma bila shida. Usiende gereji usiku na hasira. Nenda asubuhi na shahidi, na ile ekseli yako ya zamani aitoe uione, isije ikawa imeshauzwa.

Mgosi_wa_Chuda:

MZEE! Ekseli ya zamani! Sikuiona kabisa! Nampigia sasa hivi!

Kimanumanu_Damu:

Uwanja wa Mkwakwani njoo ujaze upande mmoja tu, nitakupa heshima yako.

Wagosi_wa_Kaya_88:

Sisi tunajaza pande zote, nyie mnajaza bajaji moja na dereva mnamwazima.

BofuloLaMoto:

Madereva wa bajaji msituingize, tumejaa Coastal na Sports sawasawa.

Mgosi_wa_Chuda:

Hapokei. Nimepiga mara sita.

Ngamiani_Juu:

Piga tano tena.

Mgosi_wa_Chuda:

Ngamiani, wewe tukikutana mjini usinisalimie.

Dada_wa_Mabawa:

Muacheni kaka wa watu. Mimi ningekuwa yeye ningelia. Kaka, mke wako ameshajua?

Mgosi_wa_Chuda:

Mama yake amefika, amempigia. Mke wangu amenitumia ujumbe mmoja tu: "Matokeo?"

Mnaona? MNAONA ALICHONIFANYIA YULE MTU?

Makorora_Halisi:

Mama mkwe amefika, basi na kuku amefika. Alhamdulillahi.

Mkonga_wa_Pangani:

Mimi bado sijamaliza yangu. Baada ya mchanga wakaniambia nilipie na sabuni ya kuoshea gari.

Duga_Mpya:

Si walilichafua wao?

Mkonga_wa_Pangani:

Ndicho nilichouliza. Nikaambiwa mchanga ulikuwa wa mteja mwingine, nimdai yeye.

Ngamiani_Juu:

Hapo kwenye uzi kuna mtu ametaja kapu la bofulo, hakuna aliyeuliza limetoka wapi. Yale ya zamani, magumu kwa nje, bado yanapatikana?

BofuloLaMoto:

Yapo. Barabara ya kumi na mbili kuna mama anatoa ya moto kila asubuhi.

Wagosi_wa_Kaya_88:

Ya kumi na mbili siku hizi amepunguza ukubwa. Nenda Makorora.

Makorora_Halisi:

Makorora yanaisha saa kumi na mbili na nusu. Ukichelewa unakuta karatasi.

Kimanumanu_Damu:

Hapa kwa mara ya kwanza nakubaliana na Coastal. Yamepungua ukubwa. Nilinunua matano jana, nikayala njiani kabla sijafika Chumbageni.

Mgosi_wa_Chuda:

Amepokea. Nimemuuliza ekseli yangu iko wapi. Amesema tuongee kesho, saa hizi anaangalia mpira.

Ngamiani_Juu:

Nani anacheza?